Asilimia ya nini? Mwongozo kamili wa kuchora chati za makundi zenye lebo kwa R

Mwaka 1973 wanawake 557 walikubaliwa kusoma shahada za juu katika idara sita kubwa za Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ukiiweka namba hiyo kwenye chati kama asilimia, inaweza kusomeka 30.4%, au 31.7%, au 12.3%, na zote tatu ni sahihi. Ya kwanza ni sehemu ya wanawake walioomba. Ya pili ni sehemu ya watu wote waliokubaliwa. Ya tatu ni sehemu ya waombaji wote. Programu haitakuuliza ulikusudia ipi. Itachora tu, na nguzo zitapendeza vilevile.

Wengi huichukulia lebo kama pambo la kumalizia. Kwangu mimi lebo ndiyo yenye ujumbe, nguzo zinaisindikiza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hesabu inayofanyika kabla ya kuchora, kwa sababu lebo mbaya mara nyingi huzaliwa huko.

Tutatumia R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, na kifurushi chake cha kuchora kiitwacho ggplot2, pamoja na dplyr cha kupanga na kuhesabu data. Data hizo za Berkeley zinakuja ndani ya R yenyewe kwa jina la UCBAdmissions, kwa hiyo huna faili la kutafuta.

Hatua ya 1: Vifaa

Unahitaji R toleo la 4.1 au jipya zaidi, maana alama `|>` tutakayoitumia ilianzia hapo. Inasoma hivi: chukua kilicho kushoto, kipeleke kwenye amri iliyo kulia.

```r
install.packages(c("ggplot2", "dplyr", "scales", "haven"))
library(ggplot2)
library(dplyr)

maombi <- as.data.frame(UCBAdmissions)
head(maombi)
```

Mstari wa kwanza unahitaji intaneti, na unatosha mara moja tu kwa kila kompyuta.

Hatua ya 2: Jua data yako imekaaje

Jedwali `maombi` lina mistari 24 na safu nne: Admit, Gender, Dept na Freq. Kila mstari ni mchanganyiko mmoja, kwa mfano wanaume waliokubaliwa idara ya A, na Freq inasema walikuwa wangapi (512). Yaani data hizi zimeshahesabiwa. Data za dodoso kwa kawaida huwa tofauti: kila mstari ni mtu mmoja, na hakuna safu ya idadi.

Tofauti hii ndiyo inayoamua amri ya kutumia. `geom_bar()` huhesabu mistari, na `geom_col()` huchukua namba uliyompa na kuichora kama ilivyo. Ukimpa `geom_bar()` jedwali letu na kumwambia achore jinsia, utapata nguzo mbili zenye urefu wa 12 kila moja. Hakuna onyo litakalotokea. Ukiona chati ambayo makundi yote yanalingana sawasawa, anza kushuku hapo.

Ikiwa data zako ni za mtu mmoja mmoja, unaweza kuandika lebo za idadi moja kwa moja:

```r
ggplot(data_zangu, aes(x = jinsia)) +
  geom_bar() +
  geom_text(stat = "count", aes(label = after_stat(count)), vjust = -0.4)
```

Kwenye mafunzo ya zamani utakuta `..count..` mahali pa `after_stat(count)`. Ni kitu kilekile kwa mtindo uliopitwa na wakati. Binafsi situmii njia hii ila kwa kuchungulia data. Kwa chati inayokwenda kwa watu wengine, hesabu kwanza kwa `count()`, zitazame namba kwa macho yako, ndipo uchore kwa `geom_col()`.

Hatua ya 3: Majina na mpangilio wa makundi

R huweka makundi katika aina ya data iitwayo fakta, yenye orodha ya viwango kwa mpangilio maalumu. Usipotaja mpangilio, maneno yatapangwa kwa alfabeti, na hapo ndipo "Hakubali" hutangulia "Kubali" na "Sijui" hukaa pasipo mahali pake. Tuwape viwango vyetu majina ya Kiswahili na mpangilio tunaoutaka:

```r
maombi <- maombi |>
  mutate(
    jibu = factor(Admit,
                  levels = c("Rejected", "Admitted"),
                  labels = c("Walikataliwa", "Walikubaliwa")),
    jinsia = factor(Gender,
                    levels = c("Male", "Female"),
                    labels = c("Wanaume", "Wanawake")),
    idara = Dept
  )
```

`levels` ni maneno yalivyo ndani ya data, herufi kwa herufi. `labels` ni unavyotaka yasomeke, kwa mpangilio uleule. Ukiandika "female" kwa herufi ndogo, wanawake wote watageuka kuwa NA (yaani data inayokosekana), na R itanyamaza kimya. Na ukibadilisha mpangilio wa orodha moja ukasahau nyingine, wanaume watakuwa wanawake bila mtu kujua. Basi kila baada ya kubadilisha majina, linganisha ya zamani na mapya:

```r
count(maombi, Gender, jinsia)
```

Kila jina la zamani lionekane mara moja tu, likiwa na jina jipya linalolifaa. Kuhusu kwa nini nimeanza na waliokataliwa, utaona kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Chati ya idadi

```r
kwa_jinsia <- maombi |>
  count(jinsia, jibu, wt = Freq, name = "idadi")

ggplot(kwa_jinsia, aes(x = jinsia, y = idadi, fill = jibu)) +
  geom_col(position = position_dodge(width = 0.9)) +
  geom_text(aes(label = idadi),
            position = position_dodge(width = 0.9), vjust = -0.4) +
  scale_y_continuous(expand = expansion(mult = c(0, 0.1)))
```

`wt = Freq` inamwambia `count()` ajumlishe Freq badala ya kuhesabu mistari. Unapaswa kuona wanaume 1493 waliokataliwa na 1198 waliokubaliwa, wanawake 1278 na 557. Jumla ni 4526.

Mambo mawili humsumbua karibu kila anayeanza. La kwanza ni `position_dodge`, inayoziweka nguzo ubavu kwa ubavu. Nguzo zina upana wake, maandishi hayana. Usipoyapa upana uleule wa 0.9, lebo hazitasogea pamoja na nguzo zake. La pili ni mahali pa kuandika `fill = jibu`. Ikiwa iko ndani ya `ggplot()`, maandishi nayo yanajua kwamba kuna makundi mawili. Ukiihamishia ndani ya `geom_col()`, maandishi hayana habari, na itabidi uyaongezee `group = jibu`.

`expansion` inaongeza nafasi kidogo juu ili lebo ya nguzo ndefu isikatwe, na kuondoa pengo lililo chini ya sifuri.

Hatua ya 5: Asilimia na asili yake

Hesabu ya shule ya msingi: sehemu ina kiasi juu na asili chini. Kwenye R, asili inaamuliwa na neno moja ndani ya `group_by()`.

```r
kwa_jinsia <- kwa_jinsia |>
  group_by(jinsia) |>
  mutate(jumla = sum(idadi),
         sehemu = idadi / jumla) |>
  ungroup()
```

Hapa asili ni waombaji wa jinsia ile, wanaume 2691 na wanawake 1835. Majibu: 44.5% ya wanaume walikubaliwa, na 30.4% ya wanawake. Andika `group_by(jibu)` na swali limebadilika: kati ya watu 1755 waliokubaliwa, 68.3% ni wanaume na 31.7% ni wanawake. Futa `group_by` kabisa, na wanaume waliokubaliwa watakuwa 26.5% ya waombaji wote.

Angalia jinsi 30.4 na 31.7 zilivyokaribiana. Ukichanganya asili kwa upande wa wanawake, chati itaonekana ina akili timamu na hakuna atakayeshtuka. Kinga ni moja: tamka asilimia yako kwa sentensi nzima yenye maneno "kati ya", kisha uangalie kama zile zinazopaswa kufika 100 kwa pamoja kweli zinafika. Tukisema "kati ya wanawake walioomba", basi 30.4 na 69.6 ndizo zinazojumlishwa.

Usisahau `ungroup()`. Bila hiyo, jedwali linabaki limegawanyika, na hesabu inayofuata itafanyika ndani ya kila kundi hata kama hukutaka.

Hatua ya 6: Lebo ndani ya nguzo

Sasa tutengeneze lebo yenye idadi pamoja na asilimia, na tulaze nguzo.

```r
kwa_jinsia <- kwa_jinsia |>
  mutate(lebo = paste0(idadi, " (",
                       scales::percent(sehemu, accuracy = 0.1), ")"))

ggplot(kwa_jinsia, aes(x = sehemu, y = jinsia, fill = jibu)) +
  geom_col(width = 0.6) +
  geom_text(aes(label = lebo, colour = jibu),
            position = position_stack(vjust = 0.5),
            show.legend = FALSE) +
  scale_fill_manual(values = c("Walikataliwa" = "grey80",
                               "Walikubaliwa" = "#0072B2")) +
  scale_colour_manual(values = c("Walikataliwa" = "black",
                                 "Walikubaliwa" = "white")) +
  scale_x_continuous(labels = scales::percent) +
  scale_y_discrete(limits = rev) +
  labs(x = NULL, y = NULL, fill = NULL)
```

`position_stack(vjust = 0.5)` inaiweka lebo katikati ya kipande chake. Rangi ya maandishi inafuata rangi ya kipande: nyeusi juu ya kijivu, nyeupe juu ya buluu. `show.legend = FALSE` inazuia herufi "a" isitokeze ndani ya ufunguo wa rangi. Na `limits = rev` ipo kwa sababu mhimili uliosimama hupangwa kuanzia chini kwenda juu, hivyo bila hiyo wanaume wangekaa chini.

Sasa lile la mpangilio. ggplot2 huanza kupanga kutoka kwenye sifuri kwa kiwango cha mwisho cha fakta. Kwa kuwa "Walikubaliwa" ni cha mwisho, kinaanzia kwenye mstari wa sifuri, na jicho linaweza kulinganisha wanaume na wanawake bila shida. Kipande kinachoanzia katikati ya nguzo ni kigumu kukilinganisha na mwenzake, kwa hiyo kile kinachobeba hoja yako ndicho kipewe mwanzo.

Wasomaji wa Burundi, Rwanda na Congo ambao ripoti zao hutumia mkato mahali pa nukta waongeze `decimal.mark = ","` ndani ya `scales::percent()`.

Hatua ya 7: Kundi la tatu linapoingia

Mpaka hapa chati inasema Berkeley iliwapendelea wanaume. Idara kwa idara, hadithi inageuka. Bickel, Hammel na O'Connell waliandika kuhusu jambo hili katika jarida la Science mwaka 1975, na tangu hapo data hizi zimekuwa mfano maarufu wa kitendawili cha Simpson, yaani mwelekeo wa jumla unaogeuka ukiigawa data katika makundi.

```r
kwa_idara <- maombi |>
  count(idara, jinsia, jibu, wt = Freq, name = "idadi") |>
  group_by(idara, jinsia) |>
  mutate(jumla = sum(idadi), sehemu = idadi / jumla) |>
  ungroup() |>
  filter(jibu == "Walikubaliwa") |>
  mutate(lebo = paste0(scales::percent(sehemu, accuracy = 1),
                       "\n", idadi, "/", jumla))

chati <- ggplot(kwa_idara, aes(x = idara, y = sehemu, fill = jinsia)) +
  geom_col(position = position_dodge(width = 0.9)) +
  geom_text(aes(label = lebo),
            position = position_dodge(width = 0.9),
            vjust = -0.2, size = 8 / .pt, lineheight = 0.9) +
  scale_y_continuous(labels = scales::percent,
                     limits = c(0, 1), expand = c(0, 0)) +
  scale_fill_manual(values = c("Wanaume" = "#E69F00",
                               "Wanawake" = "#0072B2")) +
  labs(title = "Waliokubaliwa kati ya walioomba, kwa idara na jinsia",
       caption = "Data: UCBAdmissions, idara sita kubwa, 1973",
       x = "Idara", y = NULL, fill = NULL) +
  theme_minimal(base_size = 11) +
  theme(legend.position = "top")
chati
```

`filter()` lazima ije baada ya kukokotoa sehemu. Ikitangulia, waliokataliwa wameshaondoka, asili imepotea, na kila nguzo itasoma 100%.

Wanawake wako juu katika idara nne kati ya sita: A (82% dhidi ya 62%), B (68% dhidi ya 63%), D na F. Mstari wa pili wa lebo, ule wa idadi juu ya jumla, unaeleza kilichotokea. Idara A na B zilikuwa rahisi kuingia, na ziliombwa na wanaume 1385 lakini wanawake 133 tu. Wanawake wengi walielekea idara ngumu. Asilimia peke yake zisingekuonyesha hilo. `89/108` pembeni ya `512/825` inakuonyesha papo hapo.

Tazama tena idara B. Ile 68% ya wanawake ni watu 17 kati ya 25. Mmoja tu akibadilishiwa jibu, asilimia inasogea pointi nne. Ndiyo maana sipendi chati ya makundi isiyotaja idadi, hata kama lebo zinakuwa ndefu kidogo.

Kuhusu ukubwa wa maandishi: `size` ndani ya `geom_text()` hupimwa kwa milimita, ilhali `base_size` ni pointi. Ukiandika `size = 11` utapata maandishi makubwa ya kutisha. Gawanya kwa `.pt` kama nilivyofanya.

Hatua ya 8: Majina marefu, vipande vidogo, rangi

Kiswahili kina majina marefu ya makundi. "Sikubaliani kabisa" na "Nakubaliana kwa kiasi fulani" yatagongana chini ya nguzo zilizosimama. Watu hukimbilia kuyapindua maandishi, na msomaji anapindua shingo. Laza nguzo badala yake, kama hatua ya 6, au yakunje:

```r
scale_x_discrete(labels = scales::label_wrap(14))
```

Vipande vilivyo chini ya 5% mara nyingi havitoshi lebo. Andika `label = ifelse(sehemu < 0.05, "", lebo)`, na useme chini ya chati kwamba umefanya hivyo.

Makundi yasiyo na mpangilio wa asili, kama mikoa au mazao, yapange kwa ukubwa: `aes(y = reorder(mkoa, idadi))`. Yale yenye ngazi, kama viwango vya elimu, yaache kwenye ngazi zake hata kama nguzo zinapanda na kushuka ovyo.

Rangi mbili nilizotumia, chungwa na buluu, hutofautishwa hata na wengi wasioona tofauti ya nyekundu na kijani. Epuka nyekundu na kijani pamoja.

Data za tafiti: DHS na nyinginezo

Tafiti kubwa za afya na idadi ya watu (DHS), kama zile za Tanzania na Kenya za 2022, hutolewa kwa faili za Stata na SPSS, programu nyingine za takwimu, ambamo makundi yamehifadhiwa kama namba zenye majina yaliyoambatishwa. Makazi yako kwenye `v025`: 1 ni mjini, 2 ni kijijini. Ukitumia `as.factor()` ya kawaida, chati yako itaandika 1 na 2. Tumia `as_factor()` ya kifurushi cha haven:

```r
library(haven)
dhs <- read_dta("wanawake.dta")

makazi <- dhs |>
  mutate(makazi = as_factor(v025), uzito = v005 / 1000000) |>
  count(makazi, wt = uzito, name = "idadi") |>
  mutate(sehemu = idadi / sum(idadi))
```

Majina yatatoka kwa Kiingereza; yageuze kama hatua ya 3. `v005` ni uzito wa kila mhojiwa, umeandikwa bila nukta, ndiyo maana unagawanywa kwa milioni. Idadi zitakazotoka zina desimali, basi zipitishe kwenye `round()` kabla ya kuziandika. Misimbo ya "sijui" au "hakujibu", mara nyingi 8, 9, 98 au 99, amua mapema kama inabaki kwenye asili au inatoka.

Ripoti za DHS zina desturi nzuri ya kuiga: asilimia inayotokana na watu 25 hadi 49 wasiopewa uzito huwekwa kwenye mabano, na iliyo chini ya 25 haiandikwi kabisa, inawekwa nyota. Kwa kipimo hicho, wanawake wa idara B wangeponea chupuchupu.

Anayefanya kazi moja kwa moja kwenye Stata anaweza kutumia `catplot` ya Nick Cox, ambayo inakuruhusu kuitaja asili waziwazi:

```stata
ssc install catplot
catplot v106 v025, percent(v025) blabel(bar, position(outside) format(%4.1f))
```

Hapo viwango vya elimu (`v106`) vinajumlishwa kufika 100 ndani ya kila aina ya makazi.

Kuhifadhi

```r
ggsave("idara.png", chati, width = 18, height = 11,
       units = "cm", dpi = 300, bg = "white")
```

Usiihifadhi chati kwa kupiga picha ya skrini. Ukubwa wa lebo hutegemea upana na urefu uliotaja hapo, kwa hiyo weka vipimo vya nafasi halisi kwenye ripoti, kisha usiivute chati ndani ya Word. `bg = "white"` inahakikisha mandhari ni meupe hata mtu akiifungua kwenye simu yenye skrini nyeusi. Na ikiwa itapitia WhatsApp, itume kama hati. Ikitumwa kama picha, inabanwa, na zile namba ndogo juu ya nguzo ndizo zitakazokuwa za kwanza kufifia.